Sura ya Sita: Mnyoo Ndani ya Kivuli

Kipande cha pafu kikifika maabara ya patholojia huwa kimeshapewa jina na watu wengine. Fomu inayokisindikiza imeandikwa "anashukiwa saratani", na chini yake kuna maelezo mafupi: mwanamume wa makamo, aliwahi kuvuta sigara, hakohoi, hana maumivu, kivimbe cha sentimita mbili kimeonekana kwenye eksirei aliyopigwa kwa shida nyingine kabisa. Mpatholojia anakata vipande vyembamba, anavitia rangi, anaweka kioo chini ya hadubini. Anatarajia kukutana na seli zilizovurugika. Badala yake anaona nyama ya pafu iliyokufa, imezungushiwa ukuta mnene wa kovu, na katikati, ndani ya mshipa wa damu, viduara vitatu vinne vyenye ngozi iliyopangika kwa tabaka. Vyote ni mwili wa mnyoo mmoja aliyejikunja. Wembe umempitia mara kadhaa kwa mkato mmoja. Amekufa siku nyingi. Mgonjwa amelala wodini na mrija ubavuni, na hajawahi kuwa na saratani.

Huo si mkasa wa mtu mmoja. Hivyo ndivyo zinavyosomeka ripoti nyingi za kitabibu kutoka Marekani ya kusini-mashariki, Japani na Australia tangu miaka ya 1960, na mnyoo mwenyewe anajulikana vizuri. Ni Dirofilaria immitis, mnyoo wa moyo wa mbwa.

Kwa mbwa yuko nyumbani. Hukaa upande wa kulia wa moyo na katika mishipa mikubwa inayopeleka damu mapafuni. Jike hufikia sentimita 25 hadi 30, na anaweza kuishi miaka mitano hadi saba. Watoto wake, wasioonekana kwa macho, huelea ndani ya damu wakisubiri mbu. Mbu akimnyonya mbwa huyo, kisha baada ya wiki mbili hivi akamuuma mtu, anamwachia mtu yule mgeni asiyehitajika na upande wowote, maana mwili wa binadamu haumfai mnyoo huyu. Wengi hufia chini ya ngozi bila mwenyeji kujua. Mmojammoja hufaulu kufika moyoni, lakini hafikii utu uzima. Anakufa, damu inamsukuma mbele, naye ananasa katika tawi jembamba la mshipa karibu na ukingo wa pafu. Sehemu iliyokuwa ikipata damu kupitia tawi hilo inakufa, kinga ya mwili inakuja kuizingira, na baada ya muda kunabaki kivimbe cha mviringo chenye upana wa sentimita moja hadi tatu, kimejibanza karibu na utando wa nje wa pafu. Saratani changa ya pafu nayo mara nyingi huonekana hivyohivyo.

Msomaji atauliza: kwa nini daktari asianze na dawa ya minyoo? Kwa sababu hakuna wa kuuawa, mnyoo ameshakufa. Choo hakitaonyesha kitu. Eosinofili, zile chembe nyeupe za damu ambazo kwa kawaida hupanda mwili unapopambana na minyoo, kwa wengi wa wagonjwa hawa haziko juu. Vipimo vya kingamwili haviaminiki vya kutosha kumfanya mtu aache kivimbe kifuani akalale usingizi. Upasuaji ndio unaotoa jibu, na ndio unaomaliza tatizo, kwani baada ya kivimbe kutolewa hakuna tiba nyingine inayohitajika. Kwa mnyoo huyu, kwa maoni yangu, daktari aliyepasua hana deni kwa mtu. Kama kivimbe kile kingekuwa saratani naye akangoja, gharama ingekuwa uhai wa mgonjwa.

Lakini si kila mnyoo anayefanana na saratani anampa daktari udhuru huo. Kabla hatujafika huko, tutazame kwanza picha yenyewe inaona nini, kwa sababu watu huipa sifa ambazo haina.

Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi yake mwaka 1895, eksirei imekuwa ikipima jambo moja tu: mionzi mingapi imepenya na mingapi imezuiwa. Hewa huipitisha, ndiyo maana pafu zima huonekana jeusi. Nyama, maji, usaha, damu iliyoganda na uvimbe huizuia, vyote kwa kiwango kinachokaribiana, na vyote hutoka vyeupe. Kipimo cha CT, kilichotumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971, kiliongeza uwezo wa kukiona kifua kipande kwa kipande, kana kwamba kimekatwa. Hapo mtaalamu wa mionzi anaweza kuzitazama kingo za kivimbe. Zikiwa na miiba inayochomoza kuingia kwenye pafu, anashuku saratani; zikiwa laini, au kivimbe kikiwa na chokaa ndani, anapunguza shaka. Ni kanuni nzuri, na mara nyingi inafanya kazi. Shida ni kwamba kovu la uchochezi nalo huota miiba, na baadhi ya saratani huja na kingo laini kabisa.

Kisha kikaja kipimo cha PET, ambacho kwa mgonjwa wa kawaida wa Afrika Mashariki ni safari ndefu na fedha nyingi. Mgonjwa hudungwa sukari iliyofungamanishwa na florini yenye mionzi. Seli za saratani zina ulafi wa sukari, hivyo huikusanya na kung'aa kwenye picha. Jambo ambalo mgonjwa haambiwi mara kwa mara ni kwamba seli za kinga zinazomzingira mnyoo zina ulafi huohuo. Kivimbe cha mnyoo kinaweza kung'aa vizuri sana. Matokeo yake ni kwamba kipimo cha bei kubwa huja kugonga muhuri juu ya kosa la kipimo cha bei ndogo, na kila mtu chumbani anaamini sasa ushahidi ni wa aina mbili, kumbe ni uvimbe uleule umepigwa picha mara mbili.

Wala tusiilaumu mitambo peke yake. Kosa hili ni la zamani kuliko eksirei. Katikati ya karne ya 19 madaktari wa kusini mwa Ujerumani walikuwa wakipasua maiti na kukuta maini yaliyojaa vishimo vyenye ute, wakaandika kuwa ni saratani ya aina ya ute. Mwaka 1855 Rudolf Virchow, akiwa Würzburg, alionyesha kwamba "saratani" ile ilikuwa tegu katika hatua yake ya uchanga. Leo anaitwa Echinococcus multilocularis, na wenyeji wake ni mbweha. Hutambaa ndani ya ini bila mpaka, hukatiza mishipa, na huweza kupeleka vipande vyake mapafuni na kwenye ubongo. Yaani hata jicho na kisu, bila picha yoyote katikati, vilidanganyika. Miongo saba baadaye kosa likageuka upande wa pili: Nobeli ya Tiba ya mwaka 1926 alipewa Johannes Fibiger wa Denmark kwa kuonyesha kwamba mnyoo fulani huwasababishia panya saratani ya tumbo. Dai hilo halikusimama. Vivimbe vile vilikuja kuhusishwa zaidi na upungufu wa vitamini A katika chakula cha panya wenyewe.

Sasa tuje kwa mnyoo anayenisumbua zaidi katika habari hii yote, kwa sababu kwake makosa mengi yangeweza kuepukwa kwa hadubini ya kawaida na swali moja kuhusu chakula.

Paragonimus ni mnyoo bapa wa mapafu, mnene, mwenye umbo na ukubwa wa punje ya buni. Alielezwa kwanza mwaka 1878 kutokana na chui milia waliokufa katika bustani za wanyama za Ulaya, na jina la spishi mashuhuri zaidi, westermani, ni la mkurugenzi wa bustani ya Amsterdam. Mwaka 1879 daktari Ringer alimkuta katika pafu la mtu aliyefariki kisiwani Formosa, ambacho leo ni Taiwan. Mwaka uliofuata, katika mji wa bandari wa Amoy nchini China, Patrick Manson alikuwa akizungumza na mgonjwa wake, afisa wa Kichina aliyekuja kwa tatizo la ngozi. Katikati ya mazungumzo mgonjwa akakohoa na kutema mate yenye rangi ya kutu kwenye zulia la daktari. Mwingine angeita mtumishi. Manson alikwangua yale makohozi zuliani, akayaweka chini ya hadubini, akaona mayai.

Mayai hayo hayasahauliki ukishayaona: ya rangi ya dhahabu iliyokolea kahawia, yameinama kidogo upande mmoja, na kwenye ncha moja yana kifuniko kama mtungi uliofunikwa ukangoja. Yakifika majini, kifuniko hufunguka. Kiumbe kinachotoka humwingia konokono wa maji baridi, hutoka akiwa na umbo jingine, humwingia kaa au kamba wa mtoni, na kungoja humo. Mtu akimla kaa huyo mbichi, au aliyelowekwa tu kwenye siki, mchuzi wa soya au pombe, mnyoo mchanga hutoboa ukuta wa utumbo, huvuka nafasi ya tumbo, hutoboa kiwambo na kuingia kifuani. Miezi miwili mitatu baadaye ametulia ndani ya pafu na anataga. Anaweza kukaa humo miaka mingi, hata kufikia 20.

Pafuni hujichimbia kishimo na kukizungushia ukuta. Picha ya CT inaonyesha donge, wakati mwingine na uwazi katikati. PET inaonyesha mng'ao. Mgonjwa anakohoa damu, amepungua uzito. Katika Korea, Japani na China zimeandikwa kesi za watu walioondolewa sehemu ya pafu kwa shaka ya saratani, na mayai yenye kifuniko yakaonekana baadaye kwenye meza ya mpatholojia. Kwingine, kama mkoa wa Sorsogon nchini Ufilipino, wagonjwa wa aina hii wamekunywa dawa za kifua kikuu bila kupata nafuu, kwa sababu mtu wa maabara aliambiwa atafute bakteria, akatafuta bakteria, akaandika hakuna.

Tiba yake ni prazikwanteli, siku mbili au tatu. Ndiyo dawa ileile ya kichocho ambayo watoto wa shule za kandokando ya Ziwa Victoria na wa Unguja na Pemba hupewa darasani, mwalimu akiwapima urefu kwa ufito wenye alama ili ajue idadi ya vidonge. Mtu kupoteza sehemu ya pafu kwa ugonjwa unaotibika kwa vidonge hivyo ni jambo la kusikitisha, na hapa sioni sababu ya kuwa mpole kama nilivyokuwa kwa mnyoo wa mbwa. Makohozi yalikuwepo. Hadubini ilikuwepo. Lililokosekana ni mtu wa kuuliza, "Unakula kaa wabichi?"

Na swali hilo lina historia pana kuliko upishi wa Asia. Korea, maji yaliyokamuliwa kutoka kwa kamba wabichi wa mtoni yalikuwa dawa ya surua, kwa hiyo mama aliyemhangaikia mwanawe ndiye aliyemnywesha mnyoo. Mashariki mwa Nigeria, ugonjwa uliongezeka wakati wa vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970 na baada yake, watu walipokosa nyama wakategemea kaa wa mitoni. Jimbo la Missouri nchini Marekani lilikuwa na wagonjwa tisa kati ya 2006 na 2010, na sababu ilikuwa mzaha: vijana walio kwenye mitumbwi ya burudani, wengine wamelewa, wakishindana nani atamla kamba wa mtoni akiwa hai. Idara ya afya ya jimbo ilibidi ichapishe mabango ya kuwaonya wakodishaji wa mitumbwi na wapiga kambi. Nadhani hakuna mtaalamu wa mapafu wa St. Louis, jimboni humo, aliyekuwa na swali la kamba kwenye orodha yake kabla ya hapo.

Kuna minyoo ambao kivuli chao hakihitaji hata swali, kinahitaji subira. Mwaka 1922 Mjapani Shimesu Koino alimeza kwa makusudi mayai 2,000 ya chango, minyoo wa tumboni ambao kila mama wa Kiswahili anawajua, na mdogo wake akameza mayai 500 ya chango wa nguruwe. Siku chache baadaye Koino alishikwa na homa na dalili za nimonia, na katika makohozi yake mwenyewe akawakuta minyoo wachanga wakipita mapafuni kuelekea kooni ili wamezwe tena. Miaka kumi baadaye, 1932, Wilhelm Löffler wa Zürich alieleza wagonjwa ambao vivuli vya mapafu yao vilikuwa hapa leo, kesho kutwa viko kwingine, na baada ya wiki chache havipo. Saratani haihami namna hiyo. Eksirei ya pili baada ya wiki mbili inatosha kuimaliza kesi.

Tegu wa haidatidi, anayejenga fuko la maji mwilini, yeye ana sheria tofauti kabisa, na hapa tuko nyumbani. Kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika Turkana, takwimu za upasuaji zilizochapishwa mwaka 1982 zilionyesha hadi wagonjwa 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika eneo la kaskazini, kiwango ambacho hakikuwa na mfano duniani. Wafugaji wa Ngorongoro nao wanaujua ugonjwa huu. Mbwa hula matumbo mabichi ya mbuzi au kondoo aliyechinjwa, tegu mdogo anakua utumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya, mchangani na mikononi. Mahali ambapo maji ni ya kutafutwa kwa saa kadhaa, kunawa mikono ni anasa, na mbwa analala karibu na watoto. Mtu akimeza yai, fuko la maji huanza kukua polepole, mara nyingi ndani ya ini, na baada ya ini mahali linapopenda zaidi ni mapafu.

Fuko zima lisilopasuka halimpotezi mtaalamu mwenye uzoefu, kwani ni duara safi lililojaa maji. Linapopasuka ndipo vurugu inapoanza. Mgonjwa hukohoa ghafla maji yenye chumvi na vipande vyeupe vya utando, na kama hakuna aliyemuuliza habari ya maji hayo, picha ya siku chache baadaye inaonyesha donge lisilo na umbo, lenye kingo zilizochakaa na usaha pembeni. Donge hilo linafanana sana na saratani. Na hatua ya kawaida kwa donge linaloshukiwa saratani ni kulichoma sindano ili kutoa kinyama cha kupima.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kwenye fuko la haidatidi, sindano isiyojua inachokichoma inaweza kumwaga maji yaliyojaa vichwa vya tegu wachanga kifuani, kila kimoja kikiwa na uwezo wa kuanzisha fuko jipya, na maji hayo yanaweza kumletea mgonjwa mshtuko wa mzio unaoweza kumuua pale mezani. Kwa mnyoo wa mbwa kinyama kinaokoa muda. Kwa haidatidi kinaweza kuua. Ndiyo maana daktari anayefanya kazi Lodwar, huko Turkana, hawezi kufuata mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya wavutaji sigara wa Ulaya bila kuusoma upya. Anapaswa kujua mgonjwa amezaliwa wapi na anafuga nini kabla hajashika sindano, na kupiga kipimo cha ultrasaundi cha ini ili kuona kama kuna fuko jingine huko. Ultrasaundi ilipelekwa mpaka vijijini Turkana katika mradi wa shirika la afya la AMREF ulioanza miaka ya 1980, na kazi hiyo ilisaidia kuwafundisha madaktari wa kwingine jinsi ya kuyasoma mafuko haya. Mbwa nao walitibiwa, kwa prazikwanteli ileile ya watoto wa shule.

Hadi hapa nimeandika kana kwamba mlango una vibao viwili tu, mnyoo au saratani. Mwaka 2013 huko Medellín, Colombia, mwanamume aliyeishi na VVU alifika hospitali akiwa na homa, kikohozi na kukonda. Picha zilionyesha vivimbe kwenye mapafu na tezi, na kinyama kilipochukuliwa, madaktari waliona jambo lisiloeleweka: seli ziliongezeka bila mpangilio na kuvamia jirani zake kama saratani, lakini zilikuwa ndogo mno, na nyingi zilikuwa zimeungana. Hazikufanana na seli za binadamu. Vipande vikapelekwa kwa wataalamu wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa nchini Marekani, ambao kwa muda walipima dhana moja baada ya nyingine, hadi vinasaba vilipotoa jibu: zilikuwa seli za tegu mdogo, Hymenolepis nana, mmoja wa tegu wanaowapata watu wengi zaidi duniani. Seli za tegu huyo zilikuwa zimegeuka saratani zikiwa ndani ya mwili wa mtu ambaye kinga yake haikuwa na nguvu ya kuzizuia. Mgonjwa alifariki siku chache baada ya jibu kupatikana, na kisa kilichapishwa mwaka 2015. Picha ilisema saratani, nayo ilikuwa saratani, ila haikuwa ya mgonjwa. Kisa cha namna hii ni nadra kiasi kwamba sitegemei msomaji yeyote akutane nacho. Nimekileta kwa sababu kinaonyesha wazi mahali ambapo kazi ya picha inaishia na ya hadubini inaanzia.

Sasa neno la tahadhari, kwa kuwa najua sura kama hii inaweza kusomwaje. Saratani ya mapafu iliua takriban watu milioni 1.8 duniani mwaka 2022, kuliko saratani nyingine yoyote. Mtu mwenye umri wa miaka 60 aliyevuta sigara miaka 30 na ana kivimbe chenye miiba hana sababu ya kujifariji kwa hadithi za kaa. Na kwetu Afrika Mashariki kosa la kawaida linakwenda upande mwingine. Mtu anakohoa, anakonda, anatoa damu, picha ina kivuli. Anaanzishiwa dawa za kifua kikuu bila bakteria kuonekana, anamaliza miezi sita, hapati nafuu, anaanzishiwa tena. Wengi hufika hospitali ya rufaa wakiwa na saratani iliyokwisha kusambaa, na kadi za kliniki ya kifua kikuu mkononi. Anayesoma habari za minyoo akaenda dukani kununua vidonge badala ya kukubali kinyama kichukuliwe atakuwa amejiongezea njia nyingine ya kuchelewa.

Mambo ya kumwambia daktari, basi, ni machache na hayana gharama, na uyaseme hata kama hujaulizwa. Mwambie umekulia wapi na umeishi wapi, hata kama ni miaka 20 iliyopita. Mwambie kama ulifuga mbwa, kama ulioga ziwani, kama uliwahi kula kaa au kamba wa mtoni asiyeiva, na kama uliwahi kukohoa maji ya chumvi. Uliza kama makohozi yametazamwa kwa ajili ya mayai na si bakteria peke yake, na kama eosinofili zimehesabiwa. Ukiambiwa kinyama kinahitajika, na hayo yote yameshazingatiwa, kubali.

Na lete eksirei zako za zamani. Hospitali nyingi za kwetu humpa mgonjwa filamu yake aondoke nayo, na filamu hizo huishia juu ya kabati au chini ya godoro ndani ya bahasha ya kaki, mpaka siku ya kuhama zinapotupwa. Mtaalamu wa mionzi akiwekewa picha ya leo kando ya picha ya miaka mitatu iliyopita, anaweza kujua kwa dakika chache kama kivimbe ni kipya, kimekua au kimekaa vilevile, na kivimbe kigumu kilichokaa miaka miwili bila kubadilika kwa kawaida hakihesabiwi kuwa saratani. Hakuna mashine mpya inayoweza kukupa jibu hilo. Itafute bahasha hiyo leo, andika tarehe juu yake, na siku ukienda kliniki ya kifua uende nayo.